Ndoo ya Lita 20 na Ufukwe wa Changarawe: Hesabu ya Maji Yanayozama Kati ya Mawe

Kitandililo haina ufukwe. Kata hii ya Halmashauri ya Mji wa Makambako iko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya Ziwa Nyasa, na maji ambayo watu wake huyawaza ni ya mvua, ya kisima na ya bomba. Lakini mkoa wetu wa Njombe una mwambao wake. Wilaya ya Ludewa inateremka mpaka ziwani, kwenye Manda, Lupingu, Makonde, Lumbila na Kilondo, na usipa wakavu na vyungu vya Wakisi tunavyovikuta masokoni huku juu vimetoka mwambao huo. Kwa hiyo swali la maji yanavyopanda na kushuka juu ya mawe ya ufukweni linatuhusu, hata kama kutoka hapa ziwa halionekani.

Swali lenyewe linaulizwa kwa maneno ya kawaida. Mtu anataka kujenga ghala la samaki, au banda la kushushia mizigo, au choo cha shule, karibu na maji. Wimbi kubwa litafika wapi? Ajenge mita 10 kutoka ukingoni, au 30? Akikosea upande mmoja, maji yanabeba saruji yake. Akikosea upande wa pili, kila gunia litapandishwa mlima bila sababu kwa miaka yote ya jengo hilo.

Kwenye ufukwe wa mchanga, jibu limeshatafutwa sana. Kwenye ufukwe wa changarawe hesabu inabadilika, kwa sababu ardhi yenyewe inakunywa wimbi. Milima ya Livingstone inasimama wima kando ya ziwa lenye kina cha mita 700 hivi, na vijito vinavyoporomoka kutoka huko vinamwaga mawe ya kila ukubwa moja kwa moja majini. Ndiyo maana mwambao huo una vipande vya changarawe na mawe ya mviringo pale ambapo mgeni angetarajia mchanga.

Kila fundi wa huku Makambako ameshaona jambo hili bila kulipa jina. Mwaga ndoo ya maji juu ya lundo la mchanga, kisha mwaga nyingine juu ya lundo la kokoto. Juu ya mchanga maji yanatiririka kwanza, yanachimba kijifereji, ndipo yanazama. Juu ya kokoto yanatoweka papo hapo. Wajenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na inayopita Makambako katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, walitandaza kokoto chini ya mataruma kwa sababu hiyohiyo: mvua inyeshe, maji yapite, njia isikae kwenye tope.

Sasa tuweke tarakimu. Chukua mchanga wenye punje za milimita 0.3 na changarawe yenye mawe ya milimita 10, vyote vikiwa na nafasi tupu za asilimia 40 kati ya punje. Ulimi wa wimbi ukipanda juu yake, maji yanazama wima kwa uzito wake. Kwa fomula za kawaida za mtiririko ndani ya punje, mchanga unameza chini kidogo ya milimita 1 kwa sekunde. Changarawe inameza milimita 74 kwa sekunde. Ulimi ukikaa juu ya ufukwe sekunde 4, mchanga umekunywa maji ya unene wa milimita 3.5. Changarawe ina uwezo wa kunywa maji ya unene wa sentimita 30.

Ulimi wa wimbi la kawaida hauna unene wa sentimita 30. Sehemu yake ya juu ina sentimita 5, au 10, au 15. Maana yake ni kwamba changarawe kavu inaweza kuumeza ulimi mzima kabla haujageuka kurudi. Hapo ndipo umbo la fukwe hizi linapotoka. Maji yanapanda kwa nguvu yakisukuma mawe, lakini yanaporudi ni machache na dhaifu, kwa hiyo mawe yanabaki juu. Wimbi baada ya wimbi, ufukwe unajijengea tuta na kusimama kwa mteremko mkali, mita 1 ya kupanda kwa kila mita 8 hivi, wakati ufukwe wa mchanga mwembamba unaweza kulala mita 1 kwa kila mita 50.

Lakini changarawe hainywi bila kikomo. Maji ya unene wa sentimita 30 yanahitaji tabaka la mawe la sentimita 75 ili yapate nafasi. Kama kina cha maji yaliyokwisha kulala ndani ya ufukwe ni sentimita 20 tu chini ya uso, nafasi iliyopo ni ya sentimita 8 za maji na si zaidi. Wimbi la kwanza linamezwa, la pili linakuta nyumba imejaa. Kwa sababu hii modeli yoyote ya kweli ya ufukwe wa changarawe, yaani mfano wake wa kompyuta, inafanya hesabu mbili kwa wakati mmoja: ya wimbi juu ya mawe, na ya maji yaliyomo ndani ya mawe. Ukiacha ya pili, umeiga ufukwe wa zege.

Na hesabu ya ndani ya mawe ina mtego wake, ambao kwa maoni yangu ndio moyo wa jambo zima.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alionyesha kuwa kasi ya maji ndani ya mchanga inakwenda sambamba na tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili. Ongeza tofauti mara mbili, kasi inaongezeka mara mbili. Kanuni yake inatumika mpaka leo kwa visima na mabwawa. Mwaka 1901 Philipp Forchheimer akaongeza kwamba kati ya mawe makubwa maji hayapiti kwa utulivu. Yanazunguka, yanagongana, yanapoteza nguvu kwa misukosuko, na kasi haiongezeki tena kwa uwiano ule.

Je, tofauti ya Darcy na Forchheimer ni kubwa kiasi cha kujali? Tuchukue mwinamo wa maji wa 0.1, yaani tofauti ya kimo ya sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za njia. Kwa changarawe ya milimita 10, Darcy peke yake anatoa kasi ya milimita 97 kwa sekunde. Forchheimer anatoa milimita 22. Kosa ni la mara 4 na nusu. Kwa mawe ya milimita 50, ukubwa wa yai la kuku, Darcy anatoa mita 2.4 kwa sekunde, kasi ya mtu anayekimbia polepole, ndani ya lundo la mawe! Forchheimer anatoa sentimita 5. Hapo kosa linafika mara 45. Anayechukua programu ya maji ya visima na kuipeleka ufukweni bila kubadilisha kanuni anapata ufukwe unaokunywa kila kitu, na ghala lake analichora mahali ambapo wimbi halisi litalifikia.

Ndiyo maana pia ufukwe wa changarawe hauigwi vizuri kwenye beseni la maabara. Ukiupunguza ufukwe mara 20, jiwe la milimita 20 linakuwa punje ya milimita 1. Hilo si jiwe dogo tena, ni mchanga, na maji yanapita ndani yake kwa tabia nyingine kabisa. Kwa hiyo watafiti walilazimika kujenga kwa ukubwa halisi. Mwaka 2008, katika mradi wa BARDEX, walijenga tuta la changarawe lenye kimo cha mita 4 na upana wa mita 50 ndani ya mfereji wa mawimbi wa Delta huko Uholanzi, ambao ulikuwa na urefu wa mita 240. Mfereji uliourithi, uliofunguliwa Delft mwaka 2015, una urefu wa mita 300, na unaweza kutengeneza wimbi la mita 4 na nusu. Hizo si gharama za halmashauri ya mji, wala za chuo kikuu chetu chochote. Lakini vipimo vilivyopatikana huko vilisaidia kuipima XBeach-G, programu ya fukwe za changarawe iliyotangazwa mwaka 2014 na Robert McCall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na taasisi ya Deltares ya Uholanzi. Programu hiyo haiuzwi. Mwanafunzi wa Njombe mwenye kompyuta ya mkononi na kifurushi cha intaneti anaweza kuipakua.

Kwa hiyo gharama iko wapi? Tuifuate.

Modeli inaukata ufukwe vipande vidogo viitwavyo seli, na muda inaukata hatua ndogo. Kila hatua, kila seli inapigiwa hesabu upya. Hatua haiwezi kuwa ndefu kuliko muda ambao wimbi linatumia kuvuka seli moja; ikizidi, hesabu inalipuka na kutoa namba zisizo na maana. Kwenye kina cha mita 4 wimbi linakwenda mita 6.3 kwa sekunde. Seli ikiwa ya nusu mita, hatua salama ni kama sekunde 0.05.

Chukua mstari mmoja wa mita 100 kutoka majini kwenda nchi kavu: seli 200. Dhoruba ya saa 3 ni sekunde 10,800, sawa na hatua 216,000. Zidisha: hesabu za seli milioni 43. Ongeza maji ya ndani ya mawe, sema mara mbili: milioni 86. Tukikadiria kompyuta ya kawaida inapiga seli milioni 1 kwa sekunde, kazi inaisha ndani ya dakika moja na nusu. Kompyuta ikila wati 50 na uniti ya umeme tukiihesabu shilingi 350, dhoruba nzima imegharimu senti 42.

Sasa tuwe na tamaa. Tuache mstari, tuchore ukuta wa maji na mawe wenye urefu wa mita 100 na kimo cha mita 10, seli za sentimita 2, ili tuone wimbi linavyopasuka na maji yanavyopenya kila pengo. Seli zinafika milioni 2.5. Hatua inashuka hadi sekunde 0.001. Hesabu za seli ni trilioni 27. Kompyuta ileile itakaa siku 312 bila kuzimwa, na umeme, kama hautakatika hata mara moja kwa muda huo, ni uniti 375, shilingi 131,250.

Tuendelee hatua moja: kilomita 1 ya ufukwe kwa pande zote tatu, seli zilezile za sentimita 2. Sasa ni miaka 42,800. Kabla ya hapo kumbukumbu ya kompyuta imeshindwa, maana seli bilioni 125 zinahitaji gigabaiti 6,000, na kompyuta nyingi za mkononi zina 8. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba katika pande tatu, ukipunguza seli kwa nusu, kazi inaongezeka mara 16: mara 2 kwa kila upande, na mara 2 nyingine kwa sababu hatua ya muda nayo inafupishwa. Kompyuta kubwa zenye maelfu ya vichakato zinapunguza muda huo sana, lakini hazifuti mara 16.

Wengi wanapofika hapa wanasema, basi tutafute fedha ya kompyuta kubwa. Mimi nasema hapana. Rudi kwenye ile modeli ya senti 42. Iendeshe mara 100: mara 10 kwa makadirio tofauti ya jinsi mawe yanavyopitisha maji, na kila moja mara 10 kwa vimo tofauti vya ziwa. Kazi itachukua saa 2 na dakika 23, umeme wa shilingi 42. Utapata majibu 100, na utaona jibu linayumba kiasi gani. Modeli ya siku 312 inakupa picha moja nzuri sana ya dhoruba moja, juu ya mawe ambayo hujayapima.

Na mawe yanapimika kwa ndoo. Chukua bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa mita 1 na zaidi, funga wavu chini, jaza changarawe ya ufukweni kwa sentimita 50, lisimamishe ndani ya beseni lenye kina cha kuifunika changarawe yote, lililojaa maji mpaka linafurika. Mimina maji juu na kuyaweka yasimame sentimita 50 juu ya maji ya beseni. Kwa changarawe safi ya milimita 10, hesabu inasema ndoo ya lita 20 itapita kwa sekunde 34. Rudia, safari hii maji yasimame sentimita 5 tu juu ya beseni. Msukumo umepungua mara 10. Kama Darcy angekuwa sahihi kwa mawe haya, ndoo ingechukua sekunde 340. Kwa Forchheimer itachukua sekunde 118 hivi. Tofauti hiyo huhitaji maabara kuiona, simu yenye saa inatosha. Kwa vipimo hivyo viwili unapata namba mbili ambazo kanuni ya Forchheimer inazihitaji, na umezipata kutoka ufukwe wako. Weka mchanga wa milimita 0.3 kwenye bomba hilohilo, kwa msukumo mkubwa, na ukae chini kusubiri: dakika 49.

Tahadhari moja. Bomba la inchi 4 linafaa kwa mawe ya milimita 10. Mawe ya ukubwa wa yai yanaacha nafasi kubwa kando ya ukuta wa bomba na kudanganya kipimo. Kwa hayo tumia pipa la lita 200 lililotobolewa chini. Na usiyaoshe mawe kabla ya kupima. Mchanga na tope lililomo ndani yake ni sehemu ya jibu. Mchanga ukijaa mapengo, ufukwe wa changarawe unakunywa kama mchanga ingawa kwa macho bado ni mawe, jambo ambalo mafundi wa reli wanalijua vizuri, kwa kuwa kokoto ya njia ikijaa udongo inabidi isafishwe au ibadilishwe. Shamba likifunguliwa kwenye mteremko wa Livingstone bila kuzuia mmomonyoko, udongo wake unaishia kwenye mapengo hayohayo.

Ukubwa wa mawe wenyewe unapatikana kwa kuokota mawe 100 bila kuchagua na kuyapima kwa rula, njia aliyoielezea M. Gordon Wolman mwaka 1954 kwa mito. Mteremko unapimwa kwa fimbo mbili na upeo wa macho wa maji, njia ya K. O. Emery ya 1961. Mita 100 kwa hatua za mita 2 ni vipimo 50. Watu wawili, siku moja.

Je, jibu linabadilika kiasi gani? Tuchukue wimbi la mita 1.5 linalokuja kila sekunde 5, kwenye mteremko wa 1 kwa 8. Fomula ya Hunt ya 1959, iliyotungwa kwa mteremko laini usiopitisha maji, inasema ulimi utapanda sentimita 96 juu ya usawa wa ziwa. Mawe yasiyo laini yanayokunywa maji yanaweza kuupunguza hadi karibu asilimia 60 ya hapo, sentimita 57. Tofauti ni sentimita 39 za kimo, na kwa mteremko huo ni mita 3 za ardhi. Mita 3 ni upana wa chumba. Kwa mvuvi mwenye kiwanja kati ya mlima na maji, si kitu kidogo.

Lakini lazima niseme pia kwamba kuna namba kubwa kuliko hiyo, na haitoki kwenye wimbi. Ziwa Nyasa, lenye uso wake takriban mita 474 juu ya bahari, linapanda na kushuka kwa mita 1 hivi ndani ya mwaka mmoja: mita 8 za ardhi. Kwa miaka mingi linakwenda mbali zaidi. Tangu 1915 hadi 1935 lilikuwa chini kiasi kwamba Mto Shire, mlango wake pekee wa kutokea, haukupata maji yake. Kufikia 1980 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 6 kutoka kiwango kile cha chini. Kwa mteremko wa 1 kwa 8, hizo ni mita 48. Mtu anayetafuta usahihi wa sentimita kwenye ulimi wa wimbi bila kuuliza ziwa lilisimama wapi mwaka 1980 ameanza kujenga kwa paa.

Kuna hesabu nyingine fupi ambayo ningependa watendaji wa vijiji vya mwambao waibandike ukutani. Tuta la changarawe lenye kimo cha mita 1 na kitako cha mita 8 lina meta za ujazo 4 katika kila mita ya ufukwe. Lori la tani 7 linabeba meta za ujazo 4 na kidogo. Kila lori la kokoto linalochotwa kwenye tuta hilo kwenda kujengea linaondoa mita moja ya ukuta ambao mawimbi yenyewe yaliujenga bila malipo. Mita hiyo ikiondoka, kinachobaki chini yake kipo karibu zaidi na maji ya ndani, kwa hiyo kina nafasi ndogo zaidi ya kunywa wimbi linalofuata.

Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, zimejengwa kwa ajili ya ziwa hili. Mzigo unaposhuka lazima uwe na pa kulala, na palipo tambarare kwenye mwambao wa Ludewa mara nyingi ni ufukwe wenyewe. Mahitaji ya mita hizo za ufukwe yataongezeka.

Kama mtu angeniuliza aanze lini kupima ufukwe wake, ningemwambia Novemba au mapema Desemba, ziwa likiwa chini na ufukwe wote ukiwa wazi: fimbo mbili, rula, mawe 100, bomba na ndoo. Kisha arudi Mei. Mvua za mwisho zitakuwa zimelijaza ziwa mpaka karibu kilele chake cha mwaka, na ndio mwezi ambao upepo wa kusini-mashariki, ule ambao wavuvi wa upande wa Malawi wanauita mwera, unaanza kuvuma kwa nguvu kuelekea Agosti. Achimbe shimo kwenye tuta, palepale alipopima Novemba, na ahesabu ni sentimita ngapi za mawe makavu zimebaki juu ya maji.